Ubao wa Namba Tafadhali

Ukimpigia simu mama mkubwa wangu, hasemi halo. Anasema, "Namba tafadhali." Asiyemjua hukata haraka akidhani ameingia ofisi ya watu. Sisi wa nyumbani tunajua ni ulimi tu uliozoea. Mtu aliyeyasema maneno mawili kwa miaka ishirini na sita, mara mia kwa siku, huwezi kumtaka leo aanze kuitikia simu kama binti wa juzi. Mtaani ndilo jina lake. Watoto wanasema, "Shikamoo, Bibi Namba Tafadhali," naye anaitikia marahaba bila kukunja uso.

Nayaandika maisha yake kwa sababu anastahili kuandikwa. Ipo na sababu nyingine, kwamba niliwahi kuyafuta. Hiyo tutaifikia. Sikimbii, nimeshakimbia vya kutosha.

Alianza kazi ya opereta wa simu akiwa na miaka kumi na tisa. Wakati huo simu zote za mji wao zilipitia chumba kimoja chenye dirisha moja, na ndani ya chumba hicho ubao mmoja wenye mashimo arobaini na nane. Kila shimo lilikuwa mtu au mahali: hospitali, kituo cha polisi, shule, kinu cha unga, daktari wa mifugo, duka la vipuri. Ukitaka kuongea, unazungusha mkono wa simu yako, kijitaa kinawaka pale mbele yake, anachomeka waya kwenye shimo lako na kusema yale maneno mawili. Ukishamtajia unayemtaka, anachomeka ncha ya pili kwenye shimo la huyo. Kwa hiyo watu walikuwa wakigombana, wakiposana na kudanganyana kwa kupitia vidole vyake. Yeye anasema hakuwa akisikiliza. Dada yangu muuguzi, ambaye ni bintiye wa kumzaa, husema, "Mama hakusikiliza, masikio tu ndiyo yalikuwa pale pale."

Ilipoletwa mitambo inayojiunganisha yenyewe, ubao ulitupwa nyuma ya jengo kungoja wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama mkubwa aliomba apewe. Waliokuwa wakibeba vyuma walicheka, wakamwambia chukua. Akaung'oa uso wake wa mbele kwa bisibisi ya kuazima, akaufunga kwenye shuka, akaubeba kichwani mpaka nyumbani na kuusukuma chini ya kitanda. Kisha akaenda kuwa mpokeaji wagonjwa kwenye zahanati, akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu, na huko nako aliwauliza wagonjwa namba.

Mumewe, baba mkubwa, alikuwa karani wa ghala la mbegu. Alikuwa mpole kiasi kwamba ungeweza kukaa naye sebuleni, ukamsahau, ukatoka na kuzima taa. Mimi niliwahi. Nilipomwashia tena alisema, "Ahsante, mwanangu." Alifariki miaka sita iliyopita.

Sasa mwaka jana dada muuguzi alikuja kwenye kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, akakaa juu ya kasha la mashine ya mteja kama kawaida yake, akaniambia macho ya mama yake hayaoni tena vibonye vya simu mpaka avae miwani na kusogeza uso.

"Mtengenezee kompyuta," akasema. "Aone sura za watu kubwa kubwa. Ila usimletee lile sanduku jeusi la kompyuta za dukani. Atalifunika kitambaa na kuweka maua ya plastiki juu, basi, imekuwa kabati."

Wazo likanijia palepale, na mimi mawazo yakinijia huwa siyahoji, ndiyo maana diploma yangu iliishia mwaka wa pili. Nilisema kompyuta hiyo itakaa ndani ya ubao wake. Kasha la mbao, uso wake wa mbele ni ule wa kazini kwake, mashimo arobaini na nane vilevile, na kila shimo ndugu mmoja. Mama mkubwa akitaka kuongea na dada muuguzi, hatafuti kibonye wala herufi. Anachukua waya wenye ncha ya shaba, anachomeka kwenye shimo la dada, simu inaita, sura inatokea kwenye kioo.

Jambo lenyewe si uchawi. Unachukua kibodi kuukuu, unatoa kile kisahani cha umeme kilicho ndani, na nyuma ya kila shimo unaweka swichi ndogo iliyounganishwa nacho. Waya ukiingia, swichi inabanwa, kompyuta inadhani mtu amebonyeza herufi. Herufi hiyo umeshaielekeza impigie fulani. Tena mashimo yenyewe yangekuwa pua za kasha. Feni ingevuta hewa kupitia hapo, nisingehitaji kutoboa kwingine.

Tulikwenda kumwomba. Aliuvuta ubao kutoka chini ya kitanda mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akauegemeza ukutani.

"Ukate, uutoboe, uupigilie misumari, ni wako," akaniambia. "Ila uuchukue kama ulivyo."

"Nitautunza kama yai, mama mkubwa."

"Mayai ya nyumba hii nimeshaona unavyoyatunza."

Nilicheka, nikaubeba. Kauli ile ya "kama ulivyo" niliichukua kama adabu ya mtu anayekupa kitu cha zamani na kuona haya kwa uchakavu wake. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Kwa wiki mbili nilikuwa mtu wa mipango. Nilichora, nikafuta, nikachora. Nilipima madabodi, ile sahani kubwa inayobeba kila kitu, nikaamua ikae upande wa kushoto, na pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, chini kulia mbali na magoti ya mama mkubwa. Nikaupiga picha ubao, nimeweka rula kando, ili nipate umbali wa shimo hadi shimo. Nilipiga nusu ya kushoto tu, kwa kuwa ndiko madabodi ingekaa. Nikatengeneza kasha la mfano kwa maboksi ya sabuni, ukubwa uleule wa kasha la kweli, maana mbao ukishaikata hairudi.

Jirani yangu wa kibanda ni mshona nguo tunayemwita Fundi Pindo. Alisimama mlangoni na futi yake shingoni.

"Unamshonea paka jeneza?"

"Kompyuta hii, fundi."

"Kompyuta ya boksi la sabuni. Ndiyo maana chuo walikurudisha."

"Hawakunirudisha, nilikuja mwenyewe."

"Bora. Umewaokolea nauli."

Halafu nikausafisha ubao. Katika kazi yetu kanuni ya kwanza ni usafi. Mashine ikiletwa, kabla hujauliza inaumwa nini, unapuliza vumbi, unafuta kwa spiriti. Mikono inafanya yenyewe. Chini ya kila mstari wa mashimo kulikuwa na ukanda mweupe uliogeuka kuwa na rangi ya meno ya mvutaji, wenye namba zilizochongwa, na kuzunguka namba uchafu wa kijivu wa miaka. Nikachukua tina, ile ya kuyeyushia rangi, na msasa laini. Nilisugua asubuhi nzima huku nikipiga mluzi. Ukanda ulitoka mweupe kama shati la mwanafunzi siku ya kwanza. Nikamwita Fundi Pindo aje auone, naye akapitisha kidole juu yake kama anakagua kitambaa.

Siku ya pili nilifungua zile picha kwenye kioo kikubwa ili nichukue vipimo. Nikakuza picha. Ule uchafu wa kijivu chini ya shimo la nne ulikuwa na herufi.

Nikakuza tena. *Ng'ombe kwanza, salamu baadaye.*

Ulikuwa mwandiko wa penseli, mdogo kama mguu wa sisimizi. Chini ya shimo la kumi na tisa: *Mzito wa sikio la kulia. Mwambie abadilishe.* La ishirini na nane: *Usimuunganishe na 11, wana kesi.* Kila shimo lilikuwa na lake. Mama mkubwa alikuwa amewaandika watu wote wa mji ule, mtu kwa mtu, kwa ajili ya kazi, na huenda kwa ajili ya kujichekesha katika chumba kile chenye dirisha moja. Nikageuka kuutazama ubao mezani. Ulikuwa unang'aa.

Mashimo ishirini na manne yalikuwa kwenye picha. Ishirini na manne mengine, upande wote wa kulia, yalikuwa kwenye msasa wangu.

Nilikaa. Wateja wawili walikuja nikawaambia hakuna umeme, na taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

Mtu mwenye akili angekwenda siku hiyohiyo kwa mama mkubwa na kupiga magoti. Mimi nilichonga penseli. Nusu ya kushoto niliinakili kutoka kwenye picha, herufi kwa herufi, hadi nikauzoea mkono wake, ile a iliyolala na ile t inayokosa kofia. Nikapangusa vumbi la feni kwa kidole nikapaka juu, yaonekane ya zamani. Yalionekana ya zamani. Basi, nikaendelea na nusu ya kulia.

Huko sikuwa na cha kunakili. Nikatunga. Tena nilitunga vizuri, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilifurahia. Shimo la sita: *Anakohoa kabla ya kusema uongo.* La kumi na tano: *Mkewe akiuliza, hayupo.* La thelathini na moja nilikuwa nimeanza kuchoka, nikaandika tu: *Hana shukrani. Muunganishe mwisho.* Sikujua shimo lipi lilikuwa la nani. Majina hayakuandikwa popote, yalikuwa kichwani mwake.

Nilimweleza Fundi Pindo, nadhani nikitaka asifie ujanja. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Mimi niliwahi kuunguza gauni la watu kwa pasi," akasema. "Nikashona ua juu ya tundu. Nikamwambia mwenyewe ni mtindo."

"Akasemaje?"

"Alilipenda. Akalivaa arusini kwa dadake. Kila mtu akalisifia ua. Mpaka leo nikimwona napita upande wa pili wa barabara. Bora angenitukana siku ile."

"Lakini alifurahi, fundi."

"Yeye ndiyo. Mimi nakuambia habari zangu."

Bado nikanyamaza. Wiki iliyofuata nilimwita mama mkubwa aje ajaribu ukubwa, kama mtu anavyokwenda kwa fundi kujaribu nguo kabla ya mshono wa mwisho. Nilitaka kujua kama mashimo ya juu anayafikia akiwa amekaa. Alikuja saa nne asubuhi na dada muuguzi, amevaa koti lake la zamani la kazini, amejipaka poda. Nilipoona lile koti, moyo ulinishuka hadi kwenye kandambili.

Nilikuwa nimeupachika ubao kwenye kasha la boksi. Akavuta kiti, akakaa, akanyoosha mikono. Mikono ilikumbuka. Ilikwenda kwenye waya bila kuangalia, ikauinua, ikauchomeka shimo la kwanza, na mdomo ukasema, "Namba tafadhali." Dada akaanza kufuta machozi pembeni. Mimi nikajifanya natafuta bisibisi.

Kisha akavaa miwani, akasogeza uso kwenye ukanda.

"Umeusafisha," akasema.

"Kidogo, mama mkubwa. Vumbi."

"Mm." Kidole chake kikashika mstari wa juu. "Namba nne. Daktari wa mifugo. 'Ng'ombe kwanza, salamu baadaye.' Huyu mtu ukimwambia habari za asubuhi anakuuliza, ng'ombe anaumwa wapi."

Tulicheka. Akaenda kwenye la sita. Nilijiegemeza mezani.

"'Anakohoa kabla ya kusema uongo.'" Alicheka hadi akashika ubavu. "Wa duka la vipuri. Aisee. Nilikuwa nimesahau kabisa. Alikuwa akikohoa kweli, namwona, ameshika mkono wa simu hivi, kho, kho, 'mzigo upo njiani.'"

Aliigiza kikohozi. Dada naye akacheka. Mtu huyo nilimtunga mimi, nikiwa nimekaa pale pale, mguu juu ya kiti. Sasa alikuwa hai kichwani mwa mama mkubwa, anakohoa. Ningeweza kusema wakati huo. Niliuliza kama kiti kiko sawa.

Akaendelea na mistari. Ya kweli alisimulia, ya uongo alisimulia vilevile, na kwa nyingine alisema, "Hili silikumbuki, uzee," akaenda mbele. Alipofika mstari wa nne, sauti yake ilipungua. Kidole kikapita la ishirini na tisa na la thelathini bila kusoma. Kikasimama kwenye la thelathini na moja.

Alisoma kimya. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akasoma tena.

"Limefutika, mama?" dada akauliza.

"Halijafutika." Akaweka miwani mapajani. "Thelathini na moja ni ghala. Ni baba yenu."

Kwenye kibanda cha jirani cherehani ya Fundi Pindo ilisimama.

"Kabla hajanioa alikuwa akipiga kila siku saa tano," mama mkubwa akasema, akiuambia ubao. "Nilijua kuna kitu nilimwandikia hapa. Nilichoandika sikikumbuki, najua tu kipo. Tangu afe nasema nitauvuta huu ubao nisome, halafu naogopa peke yangu. Ndiyo maana nikakupa wewe. Nikasema, nitausoma ukiwa kitu kipya, mchana, na watu wapo." Aligusa maandishi. "'Hana shukrani. Muunganishe mwisho.' Yule bwana alinishukuru kila siku ya Mungu. Hata maji ya kunywa. Basi labda yule msichana niliyekuwa aliona jambo, mke akaja akalisahau. Au mimi ndiye nilikuwa na roho mbaya hivyo."

Alikuwa anapanga upya maisha yake yote na mumewe mbele ya macho yangu, kwa maneno manne niliyoyaandika kwa kuchoka.

"Mama mkubwa," nikasema. "Huo si mkono wako."

"Si nini?"

"Mwandiko. Ni wangu. Yako niliyafuta."

Nikamweleza yote, tina, msasa, picha nusu, penseli, vumbi la feni. Nilieleza nikitazama rula. Dada muuguzi alisema jina langu la nyumbani mara moja, taratibu, kama anavyowaambia wagonjwa wasitikisike. Mama mkubwa hakunikatiza. Alikuwa na mazoea ya kusikiliza watu hadi mwisho wa simu.

"Kwa hiyo hili la baba yako ni lako."

"Ni langu."

Akashusha pumzi ndefu, na kwa muda nikadhani tumepona. Kisha akauliza, "Na anayekohoa?"

"Mimi."

"Hakuwa akikohoa?"

"Sijui, mama mkubwa. Labda alikuwa."

"Sasa sitajua tena. Umeniingizia kikohozi cha mtu kichwani." Alisema polepole, bila kupaza sauti. "Na lililokuwepo hapa, la kweli, ulilisoma?"

"Nililifuta kabla sijajua kuna maandishi."

Alitikisa kichwa, akaangalia shimo la thelathini na moja muda mrefu. Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji.

"Una raba?" akaniuliza.

Nilikuwa nayo.

"Futa yako yote. Ya picha uyaache. Mimi nitahesabu."

Nikafuta, nimepiga magoti mbele ya boksi la sabuni, yeye amekaa kwenye kiti akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu. Kwenye la sita alinyoosha mkono kidogo, kama anataka kulizuia, kisha akaurudisha mapajani. "Futa na hilo." Yalipofika ishirini na manne alisimama, akachukua mkoba wake.

"Hicho kitu kikimalizika uniletee," akasema. "Nina watu wa kuwapigia."

Nilikimaliza baada ya mwezi, kwa mbao ya kweli, na sikukipaka rangi hata mahali pamoja. Kinafanya kazi. Dada muuguzi ni shimo la kwanza. Nusu ya kushoto ina maandishi ya zamani kwa mkono wangu, naye anajua ni nakala. Nusu ya kulia ilikuwa nyeupe, na polepole ameanza kuijaza mwenyewe, kwa penseli, habari za ndugu wa sasa. La thelathini na moja alinikataza nisiliwekee swichi. Halimpigii mtu. Nyuma yake kuna feni tu, na ukiweka mkono karibu unasikia hewa ikiingia. Nimemwona akiuweka.

Mimi ni shimo la thelathini na mbili, jirani hapo. Siku nilipokwenda kubadilisha waya nikaona ameshaniandika, herufi ndogo kama mguu wa sisimizi: *Muulize mara mbili.*

Na anafuata. Juzi alinipigia kuuliza kama nimekula. Nikamwambia ndiyo, mama mkubwa, nimekula. Nikasikia feni ikivuma.

"Umekula?" akasema.